Besi ya Mdomo Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Wakala wa spika za masikioni atakiazima chama chetu cha wasikilizaji wa muziki jozi moja ya toleo jipya kwa miezi mitatu. Habari hii imetolewa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa simu, mchana huu, nikiwa na mkate mdomoni. Jozi ni moja. Wanachama tuko saba. Atakayekabidhiwa atachaguliwa Jumamosi ya tarehe 15, sebuleni kwa Mwenyekiti, baada ya kila mmoja kutoa maoni yake kuhusu spika alizonazo sasa.

Nilimeza mkate. Nikasema ni habari njema kwa chama. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuzivaa.

Kwa kumbukumbu: hizi si zile spika ambazo mtu hununua barabarani, akazivaa kwenye foleni ya benki, zikafa upande mmoja kabla hajafika dirishani. Hizi ni ndogo kama punje ya haragwe, waya umesukwa kwa mkono, na zinalala kwenye kijisanduku cha ngozi kama pete ya uchumba. Mwenyekiti anasema toleo jipya linamwezesha mtu kumsikia mpiga gitaa akihamisha makalio kwenye kiti. Mimi ni msoma habari wa redio. Nimewasikia waheshimiwa wengi wakihamisha makalio kwenye viti. Nastahili sasa kumsikia mpiga gitaa.

Kikwazo ni Daktari wa Meno. Kila chama kina mtu wake wa kuharibu furaha, na wetu ni huyu. Utaratibu wa kikao chetu ni huu: mwenye spika anazivaa mbele ya wote, anasikiliza kipande cha majaribio (ngoma kubwa, gitaa, na mama mmoja anayevuta pumzi kabla ya kuimba), anaeleza alichosikia. Kisha spika zinazungushwa wengine wahakikishe. Kila mtu anakuja na vijipira vyake vya kuvalisha spika, na pamba yenye spiriti. Sisi ni watu safi.

Mwezi uliopita nilieleza kwamba besi ya spika zangu ina kifua cha mwanajeshi. Zikazunguka. Zikafika kwa Daktari. Akasikiliza hadi mwisho, akazifuta vizuri, akasema kwa upole kwamba huyo mwanajeshi ana mafua.

Walicheka mpaka Bibi wa Maktaba akamwaga chai. Tangu siku hiyo naitwa Mafua. Hata Mwenyekiti leo, simu ya heshima kabisa: "Haloo, Mafua?"

Nimefikiri jioni yote. Spika zangu hazina tatizo. Tatizo ni kule kuzungushwa. Nahitaji spika ambazo hakuna sikio jingine duniani litakaloweza kuzivaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kalibu!

Juu ya duka la viatu, ghorofa ya pili, pana kliniki ya masikio. Fundi wao anakujaza sikio kitu laini kama unga uliokandwa. Kikikauka anakitoa, na hapo ana kalibu, yaani umbo kamili la tundu la sikio lako. Kwa umbo hilo anakutengenezea kifuniko cha plastiki laini ambacho kitakaa kwako tu. Kwa kawaida ni kwa ajili ya mashine za kusaidia kusikia, lakini spika nazo zinapachikwa humo vizuri. Daktari akijaribu kuzivaa zitamdondoka. Hatakuwapo wa kuhakikisha. Nikitaka nitasema nimemsikia mpiga gitaa akiwaza.

Nilipanda ngazi saa ya mapumziko. Binti wa mapokezi akaniambia foleni ni ndefu: wapenzi wa muziki, waogeleaji, na wanawake wanaolala na wakoromaji, wote wanaandikishwa kwa ajili ya Julai. Wasiosikia peke yao ndio wanaopokelewa wiki hii hii.

Nikasema, "Eti?"

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Nikaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikasema tena, "Eti?"

Limekwisha. Alhamisi asubuhi. Aliniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi kwa kunishika kiwiko. Watu wa nchi hii wana utu sana.

Jambo dogo tu. Mtu asiyesikia hapigiwi simu, kwa hiyo aliomba namba ya jamaa yangu. Nikampa ya mke wangu. Niliporudi kazini nikaanza kuona kwamba hilo lilitaka kufikiriwa kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa masikio ni mtu mpole, koti jeupe, mikono inanukia sabuni. Alinifungia kwanza kwenye kibanda, akanipa kitufe, akanionyesha kwa ishara nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilisikia milio yote. Nilibonyeza mingine, nikaacha mingine, bila upendeleo. Alipotazama mchoro wake akakuna kichwa. Akajisemea kwamba uziwi wa aina hii hajapata kuuona hata vitabuni. Sikuonyesha chochote usoni, ila ndani nilifurahi. Kazi nzuri ni kazi nzuri.

Kisha kalibu. Akanikalisha, akasimama nyuma yangu, bomba la ile dawa ya kujazia mkononi, sikio la kwanza likaanza kujaa ubaridi. Akasema: funga mdomo, ng'ata sponji hii, usiongee wala usitabasamu mpaka ikauke.

Nililisikia kila neno. Na hapo ndipo nilipoliona shimo nililojichimbia. Asiyesikia hatii. Ningetii, ningejulikana.

Nikafungua mdomo wazi. "Eti?"

Akarudia. Nikasema: "Eti nini?"

Akaja mbele yangu. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika bomba, hakuweza kuandika, akawa ananionyesha kwa kidevu. Alifunga mdomo wake kwa nguvu, kama samaki. Nikajitia hamnazo. Nikaelewa, kama ambavyo mtu asiyesikia angeweza kuelewa, kwamba anataka kuliona koo langu. Nikamwonyesha koo. Akatikisa kichwa. Nikalionyesha zaidi. Wakati huo dawa ilikuwa inakauka.

Sikio la pili, hivyo hivyo. Mwisho alishusha pumzi, akasema na ukuta, "Haya mzee, tutaona."

Vifuniko vitakuwa tayari Jumatano. Nimeshuka ngazi taya zikiniuma. Tathmini: mafanikio kamili.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi amempigia mke wangu.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu. Ana sauti mbili, ya darasani na ya nyumbani. Leo nilipofika alinipokea mlangoni kwa ile ya darasani, neno moja moja, uso karibu na wangu: KA-RI-BU. Akanipokea mkoba. Sijapokelewa mkoba tangu tulipokuwa wachumba.

Akanikalisha. Akaniambia amekwisha kujua. Miaka yote hii, akasema, amekuwa akidhani ninamdharau. Taka za jikoni. Bomba linalovuja. Ile siku aliyoniomba nimchukue kituoni na mvua ikamnyeshea. Alikuwa anasema, nami natazama gazeti kama sikusikia. "Kumbe maskini Baba, ulikuwa husikii!" Machozi yakamtoka. Nikamuuliza, kwa sauti ya juu kidogo ili ifae, na kusoma habari redioni je? Akasema alikwisha liwaza: kusoma si kusikia. Na kazini hatamwambia mtu, nisiogope.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Wakati huo huo akanipakulia kipande cha nyama kilichobaki, kile alichokuwa amejiwekea.

Nikakitazama kipande. Nikafunga mdomo.

Sioni sababu ya mtu kukataa msamaha ambao umekwisha tolewa. Mchuzi ulikuwa mzuri.

Jumapili, 9 Machi

Uziwi una faida zake na gharama zake. Faida: hakuna anayeniita kutoka chumba kingine. Nimesoma gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Gharama: mke wangu sasa anaandika. Mlango wa jikoni umejaa vijikaratasi, wino mwekundu, mwandiko wa ubaoni. BOMBA. TAKA. TAA YA UANI. Zamani ningesema sikusikia. Sasa siwezi kusema sikuona.

Mchana alikuja mama mkwe. Aliambiwa mlangoni. Akaingia, akaketi mbele yangu, akanitazama kwa huruma, akamwambia binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimi nilikwambia umchukue yule wa posta."

Nilikuwa natafuna. Nikaendelea kutafuna.

Akaeleza habari za yule wa posta. Sasa ni meneja. Ana nyumba yenye varanda mbili. Mke wangu akasema mama acha. Mama akasema kwani anasikia? Akanigeukia, akanitabasamia, akaonyesha kikombe changu. Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda, bila kuuliza. Sikujua kwamba anajua.

Kwa jumla, Jumapili nzuri.

Jumatano, 12 Machi

Vifuniko vimefika! Vyeupe, laini, vimejikunja kama dagaa wawili. Nimevipachika kwenye spika zangu, nimejifungia chumbani, nimevivaa. Vimeingia kwa mlio mdogo, pwap, kama kizibo. Nikawasha kipande cha majaribio.

Hakuna besi.

Hakuna kabisa! Ngoma kubwa inapigwa kama mtu anabisha hodi kwenye boksi. Gitaa linatoka bafuni kwa jirani. Yule mama anaimba ndani ya ndoo. Nilivitoa, nikavirudisha, nikavisukuma, nikavizungusha. Bado. Nikakaa kitandani. Siku tatu zimebaki, na mwanajeshi wangu amekufa kabisa.

Kwa huzuni nikapiga mwayo.

Besi! Imeingia yote! Kifua, mbavu, viatu! Nikafunga mdomo kwa mshangao. Ikatoka. Nikafungua. Ikaingia.

Nimelichunguza jambo hili kwa utulivu na haya ndiyo niliyothibitisha. Taya likishuka, tundu la sikio hubadilika umbo. Fundi alichukua umbo la sikio la mtu anayesema "Eti nini?" huku akionyesha koo. Vifuniko vyangu vinaziba sawasawa ikiwa mdomo uko wazi, kiasi cha kuingia yai. Nikiufunga, upenyo unatokea, na besi yote inavuja.

Nilikwenda nazo kazini nikazivaa studio kujisikia mwenyewe. Kosa. Nikisoma, sauti yangu ilikuwa inaingia na kutoka kwa kutegemea herufi. Kwenye "u" na "m" nilikuwa mtoto. Kwenye "a" nilikuwa mfalme. Taarifa ya saa saba ilikuwa na "Baraza la Madaktari wa Mifugo lataka chanjo ya ng'ombe ianze mara moja". Sijapata kusoma kitu kitamu kama hicho. Barazaaa. Chaanjo. Mhariri akaingia baadaye akaniuliza kama nilikuwa nasoma habari au naadhini... nikamwambia ni uzito wa suala la mifugo. Akasema nisirudie.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelipatia ufumbuzi. Mtu akiwa na kasoro asiifiche. Aiite mbinu.

Kesho nitawaambia kwamba wasikilizaji wa hali ya juu husikiliza kwa mdomo wazi. Taya likilegea, fuvu linakuwa kama tumbo la gitaa. Sauti inapata pa kuzunguka. Nani atapinga? Daktari wa Meno? Yeye ndiye anayewaambia watu wafungue midomo kutwa nzima.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Sura ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ya pili, mtu aliyeumwa na nyuki. Ya tatu, nikainua nyusi na kuinamisha kichwa kidogo kushoto, ikatoka sura ya mtu aliyepigwa na butwaa la furaha. Nimeichagua hiyo.

Mke wangu alinikuta humo. Alisimama mlangoni akinitazama mdomo wazi mbele ya kioo. Akanishika bega kwa upole. Akaandika kwenye karatasi: UNAJIFUNZA KUSOMA MIDOMO? Nikaitikia kwa kichwa. Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka akifuta macho. Nikasikia anapiga simu barazani, kwa sauti ya chini. Sikusikiliza. Nilikuwa natafuta ile sura ya tatu, ilikuwa imenipotea.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, kama yalivyotokea.

Nimekuwa wa kwanza kufika kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti ni fundi cherehani mstaafu, mtu wa kunong'ona. Leo amenifungulia mlango na kunipigia kelele usoni: "MAFUA! KARIBU! UTAKAA HAPA MBELE!" Walioingia baadaye wakanipa mkono kama kwenye msiba. Bibi wa Maktaba hakuuachia.

Nikafahamu ile simu ya barazani ilikwenda wapi. Mke wangu alimwomba mke wa Mwenyekiti nikalishwe karibu, maskini, nisikose mazungumzo.

Nilikuwa kwenye kona. Nikisema nasikia, mke wa Mwenyekiti yuko jikoni, mlango wazi, na mke wangu atapata habari kabla sijavaa viatu. Kwaheri msamaha, kwaheri nyama. Nikisema sisikii, nani atamwazima spika asiyesikia? Tayari Mhasibu alikuwa anamuuliza Mwenyekiti, kwa sauti ya kawaida, mimi nikiwa katikati yao, kama katiba ya chama inaruhusu.

Ndipo akili ikafanya kazi. Nikasimama. Nikawaambia ndugu zangu, ni kweli. Bila kitu masikioni, sisikii. Lakini nikivaa spika hizi, kwa kalibu hizi, nasikia kuliko mtu yeyote chumbani humu.

Mhasibu akavua miwani akaifuta.

Nikazivaa. Mdomo wazi, nyusi juu, kichwa kushoto. Kipande kikaanza. Na nisiongope hapa, ambapo hakuna anayesoma: ilikuwa nzuri. Ngoma ilikuwa na mwili. Gitaa lilikuwa kushoto kwangu, hatua mbili, nyuma kidogo ya ngoma, na yule mama alivuta pumzi yake karibu na shavu langu. Niliwaeleza yote hayo kadiri mtu anavyoweza kueleza bila kufunga mdomo. Nikawaambia nimesikia na kiti kikilia. Hilo nililiongeza mimi.

"Amekisikia kiti!" akasema Bibi wa Maktaba. Fundi Umeme, ambaye hajapata kukubali kitu tangu chama kianze, akasema basi, mpeni.

Spika zikazungushwa. Hazikumkaa mtu. Kwa Mwenyekiti zilidondokea kikombeni. Kila kitu kama nilivyopanga. Zikarudi kwangu, nikazivaa tena.

Daktari wa Meno akauliza kwa nini nilikuwa nimefungua mdomo. Nikawapa nadharia. Fuvu, tumbo la gitaa, sauti kupata pa kuzunguka. Mwenyekiti akasema tujaribu. Wakazivaa spika zao, wakafungua midomo, watu wazima watano kwenye makochi kama vifaranga wanaongoja kulishwa. Mke wa Mwenyekiti akachungulia kutoka jikoni, akatuona, akarudi. Daktari peke yake hakujaribu. Alitoa kurunzi ndogo mfukoni akawa anapita mstari mzima akiwamulika mmoja mmoja. Kwangu alikaa zaidi. Akasema "mh".

Kisha ikawa zamu ya wengine. Mhasibu akasema spika zake zina sauti za juu zinazochoma, lakini anazipenda hivyo hivyo, kama ndugu. Bibi wa Maktaba akasema zake humfanya atembee polepole akitoka kazini ili wimbo usikatike, na sasa anajua miti yote ya mtaa wake. Nikaona ni maoni dhaifu, hayana besi, wala hayasemi chombo kipi kiko wapi. Nimeyakumbuka njia nzima ya kurudi.

Daktari alisema machache. Spika zake ni za kawaida. Hizo mpya akipewa, hatasikiliza peke yake. Atazitumia kitini, wagonjwa wazivae wasisikie mashine ya kutoboa. Kila mgonjwa na vijipira vyake vipya, na spiriti. Kila mmoja ataeleza alichosikia. Badala ya maoni ya mtu mmoja, Wakala atapata maoni ya mji mzima.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Si vizuri. Lakini bado nilikuwa na huruma yao, na huruma ni kura. Nilikuwa nimevua spika kuzifuta. Zilikuwa mapajani kwangu, waya umekunjwa, mtu yeyote aliweza kuziona. Nyuma yangu nikasikia Daktari akimwambia Mhasibu polepole, bila ubaya wowote:

"Ila yule mwanajeshi wake nadhani mafua hayajapona."

"Mafua unayo wewe!" nikasema.

Macho yakaenda kwenye masikio yangu, yaliyokuwa matupu. Yakashuka mapajani. Yakapanda tena. Mke wa Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Mafua," akasema Mwenyekiti, kwa mnong'ono wake wa siku zote, "umesikia?"

"Eti?" nikasema.

Haikusaidia.

Basi nikawaeleza. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Kliniki, foleni ya Julai, bomba, koo. Nilipofika kwenye koo Fundi Umeme alikuwa amelala juu ya kochi anapiga mto ngumi. Bibi wa Maktaba alicheka akalia, na bado alikuwa ameushika mkono wangu. Hakuna aliyekasirika. Hilo liliniumiza kidogo.

Kura: Daktari sita. Mimi sikupiga, nilikuwa natafuta kijisanduku changu.

Akaja kunipa mkono mlangoni. Akasema, "Ndugu yangu, umenionyesha jino bovu jioni nzima. Gego la chini, kushoto. Njoo Jumanne nilitazame."

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu alikwisha kujua jana kabla sijafika. Hakufoka. Alikuwa amebandua vijikaratasi vyote mlangoni, ameviweka mezani. Akavisoma kimoja kimoja, kwa sauti ya nyumbani, ya chini, huku amenipa mgongo. Baada ya kila kimoja akauliza kama nasikia. Nikasema nasikia. Kilichofuata. Nasikia.

Akavimaliza, akanigeukia. Akaniuliza jambo moja tu: siku ile ya mvua, kituoni, nilisikia? Nikasema nilisikia nusu, nilidhani ni kesho yake. Akasema hiyo angalau ni ya kijinga, si ya dharau. Kisha akanipa spana.

Bomba nimelitengeneza asubuhi hii. Halivuji sana.

Mama mkwe alikuja mchana. Akauliza nilianza kusikia Jumapili ipi. Nikamwambia zote. Akawaza. Akasema vizuri, basi habari za yule wa posta hana haja ya kuzirudia. Chai akanimiminia. Sukari vijiko vitatu.

Nimekaa uani chini ya taa mpya na spika zangu. Mdomo wazi. Jirani amenisalimu mara mbili, akaniuliza kama nina tatizo. Hapa ndipo nilipoanza kuyapanga mambo vizuri.

Spika mpya ziko wapi? Kwa Daktari. Zinavaliwa na nani? Wagonjwa. Mgonjwa wa meno anakaaje? Mdomo wazi! Mwenyekiti alikwisha sema vichwa vya spika mpya ni vya ukubwa ule ule na vya zangu, kwa hiyo vifuniko vyangu vitaingia. Hapa mjini pana kiti kimoja tu ambacho kalibu yangu ni sahihi kabisa, na mtu mwenye spika amenialika mwenyewe nikakikalie.

Gego moja haliwezi kuchukua miezi mitatu. Nimesimama mbele ya kioo nikachagua meno mengine manne, yote mazima, yaliyotawanyika vizuri, ili kila moja litake siku yake. Nimeanza kushika shavu. Chakula cha jioni nilikula upande mmoja, nikiguna. Mke wangu alinitazama, akauliza linauma? Nikasema sana. Akachukua simu papo hapo akathibitisha miadi, kwa sauti ya upole ambayo sikuitarajia. Nikamwomba amwambie Daktari jambo moja zaidi, naye akalisema mara mbili ili lieleweke, huku akitabasamu: nisichomwe sindano ya ganzi. Ganzi hulegeza taya upande mmoja, na taya likilegea kifuniko kinateleza, besi inavuja.

Jumanne, tarehe 18, saa tatu asubuhi. Jino la kwanza kati ya matano. Bila ganzi.